Jiwe la Kusagia la Bibi Luisa

Dunstan, ofisa kijana kutoka wilayani, alishuka ufukweni kwetu, kusini kidogo ya Mbamba Bay, na ramani pamoja na rasimu ya kitabu: historia na jiografia ya mji wetu. Akaniamkia kwa adabu. Niliitikia, lakini kitabu kinachokuja na ramani sikiamini. Ramani ya mwisho kuletwa hapa, mwaka tisini na nane, ilimeza mashamba yetu ya mihogo. Nakumbuka hata rangi ya gari lililoileta.

"Soma ukurasa wa kwetu."

Akasoma: "Ufukwe huu ulikuwa mtupu. Wakazi wa sasa walifika mwaka 1996."

"Mtupu! Nani kakudanganya?"

Tangu Pasaka kuna mtu wa hoteli anazungukazunguka hapa akitafuta kiwanja. Aliyefika juzi huondolewa kama mvamizi, na nyumba ya kwanza kutoka majini ni ya shangazi yangu Hildegardi.

"Aliniambia shangazi yako mwenyewe, mzee."

Tukamwendea. Shangazi alikuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwani. "Kweli nilisema. Aliuliza tulihamia lini. Si mwaka ule maji yaliposhuka?"

Nikashika kichwa. Huku ziwa likipanda tunasogea mlimani, likishuka tunarudi, na kila mtu huhesabu makazi yake tangu maji yalipomrudishia kiwanja. Mgeni angejuaje? Au alijua, akanyamaza?

"Na kabla ya hapo mlikuwa wapi?" Dunstan akauliza, kwa upole ulionitia wasiwasi.

"Hapahapa, mwanangu. Na sasa ziwa limeanza kupanda tena, unaona?" Shangazi akakunja kitenge, akaingia majini, akapapasa kwa mguu. "Njoo! Vua viatu. Mamba wa hapa hawali maofisa, wachungu."

Dunstan akavua. Akainama, mkono ukazama hadi kiwiko, akaligusa: jiwe la kusagia, limelika katikati kama bakuli.

"La mama yangu Luisa. Mwaka sabini na tisa maji yalipoingia ndani tulibeba watoto, tukabeba kuku. Hilo liliwashinda wanaume wanne."

Dunstan akapapasa tena lile bonde la jiwe. "Hii ni kazi ya miaka mingi," akasema. Akatoka, akatoa penseli, akakata neno "mtupu", akaanza kuandika pembeni.

"Penseli inafutika," nikamwambia. Nikampa kalamu yangu, nikasimama nyuma ya bega lake.

"Mwache kwanza avae viatu," shangazi akasema.

"Akimaliza kuandika."