Salme, Binti wa Mwoka Mikate

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi, na labda ndiyo maana ulimganda Semeni: Massoud Mpemba kamtoa mwanawe kafara, ili tanuri lake lisipoe.

Aliusikia bombani, pale Mabawa, mjini Tanga, ndoo yake haijafika hata nusu. Hakuambiwa yeye. Walikuwa wakiambiana wanawake wawili waliompa mgongo. Mmoja wao alikuwa Sabiha, jirani yake, ambaye ua wake na wa Semeni ulitengwa na makuti tu. Sabiha alipogeuka na kumwona alijikohoza.

"Ee, shoga, kumbe upo! Salme yu hali gani leo?"

"Hajambo," Semeni akasema. Akajitwika ndoo vile vile nusu, akaenda zake.

Kuna maneno mtu huyasikia akayaacha pale pale. Haya Semeni aliingia nayo ndani, akala nayo, akaamka nayo. Ubaya wake ni kwamba yote mawili yalikuwa kweli. Tanuri la mumewe halikupoa, na mtoto alikuwa anakwisha.

Massoud, mumewe, alivuka kutoka Pemba akiwa hana hata ndevu, akafundishwa kuoka na Mshihiri mmoja, Mwarabu wa Hadhramaut, na mwaka ule wa hamsini na sita alikuwa na tanuri lake mwenyewe uani. Makarani wa reli walituma watu kuchukua maboflo yake, mikate ile ya kuumuka, yangali ya moto. Na kila alfajiri, kabla mteja hajafika, boflo la kwanza lilikuwa la Salme. Hilo hakuliuza hata siku moja. Alilikata mwenyewe, akalipaka siagi, akamlisha mwanawe kwa mkono.

Salme alikuwa na miaka tisa, na mgeni akimwona humdhania wa mitano. Tumbo lilitangulia mbele, miguu na mikono imebaki mifupa. Choo chake kilikuwa kingi, cheupe cheupe, chenye harufu ya kumtoa mtu chumbani. Nalisema hili wazi kwa sababu Semeni aliona haya kulisema, na haya zile zilimpotezea miaka. Kisha likaja jingine juu ya hilo. Katika joto la kaskazi, watu wakijipepea kwa mapepeo, Salme aliomba blanketi. Sauti ikawa nzito kama ya mtu mzima aliyepigwa na mafua. Ukimwita, jibu lilichukua muda kufika. Na shingoni, mbele, pakavimba rovu.

Walifanya yote wanayofanya wazazi. Alinyweshwa kombe la aya za Kurani, akapewa dawa ya minyoo mara nne, akapelekwa kwa mganga mpaka Pangani. Semeni kwa upande wake alipika bokoboko, kwani nani asiyejua kuwa mgonjwa aliyeishiwa nguvu hupewa bokoboko? Ngano na nyama, ikapondwa mpaka ikavutika, samli juu. Mtoto alikula vijiko vitano, akatapika viwili, na mama akamwongeza.

Mwisho walimpeleka kwa Daktari Eliudi, Mbondei wa Muheza, mtu mrefu mwenye miwani. Aliligusa rovu, akamtazama ngozi na macho, akasema tezi ya shingo imechoka, ndiyo maana mwili umepoa. Akatoa vidonge.

"Hivi vimetengenezwa na nini?" Massoud akauliza.

"Ni tezi ya mnyama, iliyokaushwa ikasagwa."

"Mnyama gani? Kondoo, au yule mwingine?"

"Kondoo, bwana. Niliuliza kabla hujaniuliza, maana nawajua."

Wakacheka wote, hata Salme, kwa kuchelewa kidogo. Lakini vidonge havikucheka nao. Daktari alianza na kimoja kwa siku, akaongeza vikawa viwili, akaongeza vikawa vitatu, na mtoto bado baridi, bado mzito, tumbo lile lile. "Ni kama natupa baharini," akasema daktari, na Semeni aliona kuwa hata yeye anaogopa.

Hapo ndipo uvumi ulipomkuta.

Hakumwambia mumewe. Alimdanganya. Alisema mama yake, Bibi Mwatumu, amemkumbuka mjukuu, na Massoud akasema, "Mpeleke, upepo wa kule utamfaa." Semeni akampeleka Salme kijijini Kigombe, kwa bibi yake, pamoja na vidonge vyake, akarudi mjini peke yake, na moyoni alikuwa anapima: mtoto akipona huko mbali na baba yake, basi uvumi ni kweli.

Baada ya wiki sita alikwenda kumwona. Alimkuta nyuma ya nyumba anakimbizana na kuku. Anakimbia, Salme! Tumbo limeshuka, mashavu yamepata rangi, na sauti iliyopiga kelele "Mama!" ilikuwa sauti ya mtoto.

"Mama, nina njaa," akasema.

Miaka mingapi hajalisikia neno hilo? Semeni alimkumbatia akalia, na Bibi Mwatumu akadhani ni furaha. Ilikuwa furaha, ndiyo. Lakini chini ya furaha palikuwa na jiwe: kumbe kweli.

Akamrudisha mjini, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kumweka tena. Massoud alimbeba begani kutoka kituoni hadi nyumbani, akamwokea mkate mdogo wenye umbo la ndege, wenye iliki, na macho ya zabibu. Salme alimla ndege yule kuanzia mkiani. Kesho yake akaletewa mwingine. Hazikupita wiki mbili, tumbo likajaa, kuhara kukarudi, na mtoto akalala kitandani akiomba blanketi.

Mchana ule Semeni alitoka uani. Massoud alikuwa anakanda, unga umempanda mpaka viwikoni.

"Baba Salme, nakuuliza neno, na usinifiche. Umemfanya nini mwanangu?"

Mikono ikasimama ndani ya unga.

"Na wewe uvumi umekufikia," akasema.

"Kwani wewe wajua?"

"Tangu mfungo mosi, Ramadhani ilipoisha. Wateja hunitazama mikono, Mama Salme. Mwingine huchukua mkate akausomea dua kwanza." Akajaribu kucheka, hakuweza. "Nitaapa kwa msahafu ukitaka, sasa hivi nikatawadhe. Lakini kiapo changu hakimponyi. Wewe umeona kwa macho yako akiwa mbali nami anapona. Basi mchukue. Kaeni Kigombe mpaka awe mtu mzima. Nitakuja kumwona kama jirani, nisimame mlangoni, nimsalimie, niondoke. Mradi awe hai."

Semeni alimtazama mumewe, unga umemkauka kwenye nyusi, na akajua kuwa mtu aliyemtoa mtoto wake kafara hawezi kusema vile. Akaona aibu. Akachukua kata, akamwagia maji mikononi, akamnawisha kidole kimoja kimoja.

"Hakuna anayekwenda kuwa jirani," akasema. "Kesho tunakwenda wote kwa daktari, na nitamwambia kila kitu, hata upuuzi."

Akamwambia kila kitu, hata upuuzi, kafara na tanuri na Kigombe. Alitegemea daktari acheke. Daktari Eliudi hakucheka. Alivua miwani.

"Mama, Kigombe alikula nini? Anzia asubuhi."

"Asubuhi kiporo cha wali, au muhogo wa nazi. Mchana bada la muhogo na samaki. Jioni wali. Ndizi. Madafu."

"Na mkate?"

"Mkate Kigombe utoke wapi?"

"Na hapa mjini?"

"Asubuhi boflo na chai. Mchana bokoboko. Jioni boflo tena, au chapati. Baba yake ni mwoka mikate, daktari, sisi mkate ndio..." Semeni akajihesabia vidoleni. Alikuwa ameanza kuisikia orodha yake mwenyewe.

Daktari akasema kwamba si miaka mingi madaktari wa Ulaya wamegundua wako watoto ambao ngano huwaunguza utumbo. Kwa wengine ni chakula, kwa hao ni moto. Yeye alikuwa amesoma tu, hajapata kumwona hata mmoja, wala hakufikiria kuwa atamwona Tanga. Utumbo ukiungua haushiki chakula. Wala haushiki dawa.

"Kwa hiyo vidonge vyangu vilikuwa vinapita njia tu," akasema. "Ana maradhi mawili, mama. Kuacha mkate hakutaiponya shingo, na vidonge havitaliponya tumbo. Ngano aache leo, siyo kesho, na asiirudie maisha yake yote. Vidonge aendelee."

Nje, Massoud alikaa kwenye ngazi za hospitali akashika kichwa.

"Kila alfajiri," akasema. "Kila alfajiri, kwa mkono wangu huu."

"Na bokoboko nani alipika?" Semeni akakaa karibu naye. "Tumemlisha sote wawili. Inuka, mtoto amesimama juani."

Salme akawatazama. "Kwa hiyo sili tena ndege?"

"Nitakuokea ndege wa mchele," Massoud akasema.

"Ataruka?"

"Atavunjika vunjika, lakini utamla."

Kuacha ngano katika nyumba ya mwoka mikate si jambo la kusema tu. Unga ulikuwa hewani, kwenye mitungi, kwenye kanga. Massoud alikwenda kukodi kiwanja mtaa wa pili akajenga tanuri huko, na watu wakasema, mmeona, amehamisha uganga wake. Waache waseme. Jioni alirudi ameshaoga na kubadili shati, na Salme alimngoja kizingitini ameweka mikono kiunoni.

"Baba, umeoga?"

"Nimeoga."

"Kucha?"

Massoud alinyoosha vidole, mtoto akavikagua kimoja kimoja kama mwalimu, ndipo akamrukia shingoni.

Makosa yalikuwepo. Siku moja Sabiha alileta mkate wa kumimina, aliosema ni wa mchele mtupu, kwa roho safi, maana naye uvumi ulikuwa unamkaa vibaya kooni. Salme alikula vipande viwili, akaharisha siku nne.

"Niliweka kiganja kimoja tu cha ngano, shoga, ili ushike!" Sabiha akalia. "Kiganja kimoja!"

"Kwake yeye ndicho hicho hicho," Semeni akamwambia. Sabiha tangu hapo alitenga sufuria na mwiko wa Salme nyumbani kwake, hapana mwingine aliyeruhusiwa kuvigusa.

Lakini kosa kubwa lilikuwa la Semeni mwenyewe. Mwezi wa tatu bila ngano, mtoto amenenepa, moyo wake ukaanza kwenda mbio. Alitoka jasho ameketi, mikono ikatetemeka hata kikombe hakikai. Semeni akaweka kiganja kifuani pa mwanawe, akasikia kama ndege aliyenaswa. Akasema moyoni, vidonge hivi vitamuua, na akavificha sandukuni bila kumwambia mtu. Moyo ukatulia. Akajisifu. Wiki ya tano Salme akaomba blanketi.

Daktari Eliudi, aliyekuwa mpole siku zote, siku ile alifoka.

"Mama! Utumbo umepona, sasa unavishika vidonge vyote vitatu, ndiyo maana vilimzidi. Ungekuja siku ile ile ningepunguza. Kupunguza ni kazi yangu. Kuacha si kazi ya mtu yeyote!"

Akampa kimoja, baadaye kimoja na nusu, na hapo ndipo alipotulia.

Miaka miwili ikapita. Salme akafika begani kwa mama yake. Rovu likanywea, likabaki kivimbe ambacho ni mama tu angeweza kukiona. Ndipo ikaja barua kutoka Mkwaja: Wanu, dada yake Massoud aliyeolewa huko, anamwoza binti yake, anamwomba Salme aje akae na wasichana wenzake siku kumi. Semeni alikuwa na mtoto mchanga kifuani, hawezi kusafiri. Massoud hawezi kuacha tanuri.

"Haendi," Semeni akasema.

"Mama, mie si yai."

"Jiko la harusi, wanawake ishirini, kila mmoja na mkono wake! Nani atakuangalia?"

"Mimi," Salme akasema. "Nitajiangalia mimi. Nitajiangalia mpaka lini nikiwa hapa tu?"

 Semeni alimtazama mtoto aliyesimama mbele yake kwa miguu yenye nyama, na akaelewa kwamba alikuwa amempigania ili aweze kutoka mlangoni, na sasa yeye ndiye aliyekuwa ameuziba mlango. Massoud akambeba mtoto mchanga mgongoni alale, akasema, "Mwandikie Wanu. Wewe una madarasa manne, mimi sina hata moja. Andika."

Semeni akachana karatasi ya daftari, akaandika polepole, akifuta na kurudia, mpaka ikawa hivi:

Wifi Wanu, salamu sana. Salme asile vitu hivi, hata akiomba, hata ukimwonea huruma.

Boflo na mkate wowote wa dukani.
Chapati, maandazi, sambusa, kaimati, vishete, biskuti, tambi.
Bokoboko ya ngano. Ya mchele sawa, kama umeipika wewe.
Uji wa shayiri.
Mkate wa kumimina na vitumbua, mpaka aliyepika aape hakutia ngano.
Katlesi na kababu zilizoviringwa kwenye chenga za mkate.
Mchuzi uliotiwa unga ili uwe mzito.
Halua, kama hujui wanga wake.
Samaki au muhogo uliokaangwa kwenye mafuta ya maandazi.
Asikose vidonge. Kimoja na nusu, asubuhi, kwa maji, kabla hajala.
Asiongezewe, asipunguziwe. Moyo ukimwenda mbio au akiona baridi, mlete kwa daktari, msinikalie kimya.
Asipewe dawa ya mtu mwingine ya kunenepesha.
Asinywe chai kwenye kikombe ambacho mtu amechovya mkate.
Namtuma kwako; akisema hiki sili, mwamini yeye kuliko karatasi hii.