Lehemu ya Nusu kwa Nusu

Karakana nzima ilimwita Bi Tano, na sababu haikufichika. Akishalehemu bomba la rejeta ya gari, alilibana kwa koleo mkononi, akahesabu moja hadi tano, akaachia. Kwa miaka ishirini na sita hiyo ndiyo ilikuwa saa yake. Waliofunga kazi zao kwenye jiliwa, lile bano la chuma la mezani, aliwacheka waziwazi: "Una mikono miwili mizima, halafu unaazima wa chuma."

Sasa rejeta tatu zilikuwa zimerudi ndani ya wiki moja, zote zinavuja, zote kazi yake. Shemeji yake, mwenye karakana, hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu kwamba ikirudi ya nne, meza atapewa mwingine na yeye atahamia kwenye kuosha. Kuosha, jamani, mtu aliyefundisha nusu ya mafundi wa pale! Jioni alirudi nyumbani na kigurudumu cha waya wa lehemu mkobani.

"Mama mdogo, hebu niione hiyo lehemu," alisema binti wa dada yake, aliyekaa naye huku akisomea metali chuoni.

Bi Tano akamsukumia kile kigurudumu. "Lehemu ni lehemu. Mbovu ni mimi, nimezeeka."

Binti akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake. "Hii ni nusu risasi, nusu bati. Ya zamani je?"

"Ile bati ilizidi, sitini na tatu kwa mia. Shemeji kabadilisha mwezi huu. Lakini si zote zinayeyuka?"

Binti akachana boksi, akachora. Kushoto risasi tupu, kulia bati tupu. Kwenda juu, joto linaongezeka. Mistari miwili ikateremka kutoka pande zote mbili, ikakutana bondeni, na hapo bondeni akapitisha mstari wa kulala.

"Juu ya bonde kila kitu maji. Chini ya mstari huu, kila kitu kigumu. Ile ya zamani ilikaa karibu kabisa na bonde, kwa hiyo ikipoa inaganda mara moja. Hii mpya iko pembeni, inapita kwanza hapa katikati."

"Na hapo katikati ni nini?"

"Uji. Punje ngumu ndani ya maji. Ukiitikisa hapo inachanika kwa ndani, na macho hayaoni. Ukifika tano, bado uko kwenye uji."

Bi Tano alikodolea macho kile kipande cha boksi. "Kumbe si mimi," alisema, na furaha ikampanda mpaka akacheka peke yake. Hakungoja kesho. Akawasha chuma cha kulehemu pale pale jikoni, akaunga vipande viwili vya bomba, akavibana kwa koleo, akahesabu kupita tano.

Kwenye nane lehemu ilikuwa bado inang'aa. Kwenye kumi akaona ncha ya koleo inacheza. Kidogo tu, lakini inacheza. Lehemu ilipofifia ilikuwa na chengachenga na ufa mwembamba. Akarudia kwa mkono wa kushoto, ikawa vilevile.

Binti aliona yote. "Mwambie shemeji yako akununulie ile ya zamani," alisema polepole. "Meza itabaki yako. Nani atajua?"

Ni kweli, nani angejua? Bi Tano aliona haya na akaogopa, vyote kwa pamoja. Akazima chuma.

Asubuhi alimwomba shemeji yake asimame karibu. Akaifunga rejeta kwenye jiliwa, mafundi wakitazamana. Akalehemu, kisha akaweka mikono yote miwili mezani, ikicheza mbele ya macho ya shemeji, akahesabu hadi ishirini. Wakaizamisha kwenye pipa la maji, wakaijaza upepo. Hakikutoka kiputo hata kimoja.

"Meza ni yako," alisema shemeji. Lakini macho yake yalikuwa yamebaki kwenye ile mikono. "Shemeji, hii imeanza lini?"

"Sijui," alisema Bi Tano. "Ile lehemu ya zamani ilikuwa inaganda kabla mkono haujacheza."