Kikohozi cha Dada Kwenye Droo

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, Meneja wa kiwanda cha saruji alivuta kiti akakaa kando ya Fundi. Fundi ndivyo walivyomwita ofisini mwanamke aliyetengeneza mfumo wa kompyuta wa kiwanda. Mfumo ulikuwa na taarifa za kila mfanyakazi, na ndani yake kulikuwa na kipande cha programu kilichochagua zipi zitoke kwenye ukurasa na zipi zibaki ndani. Ukurasa huo ulisomwa na watu wawili tu wa nje: mkaguzi wa afya, na daktari wa hospitali iliyowatibu wafanyakazi.

"Ile sehemu ya kikohozi," alisema Meneja, "isionekane kwenye ukurasa."

"Niifute?"

"Uifute kwani sisi wezi? Ibaki humo humo. Isitoke tu."

Wezi si wao, hata kidogo. Fundi aliandika mstari mmoja, akaujaribu, ukakubali. Watu wote wa chumba cha kusagia mawe wakawa wazima wa afya papo hapo. Meneja alimwongezea chai kwa mkono wake mwenyewe.

Vikohozi vilianza kuingia ofisini kabla ya saa ya chakula. Cha kwanza kilisikika nyuma ya printa, kikavu, cha mwanamume mtu mzima. Mhasibu akasema "Pole" bila kuinua macho. Kikaja kingine kabatini, vingine chini ya zulia. Watu wa ofisi walikipa kila kimoja pole yake mpaka wakaona kazi haiendi, wakakubaliana pole moja ya asubuhi itoshe kwa vyote.

Kule chumba cha kusagia, watu walijikunja, wakashika mbavu, midomo wazi, na sauti haikutoka. Msimamizi wao aliusifu utulivu.

Dada yake Fundi alifanya kazi chumba hicho. Ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, na lile vumbi ndilo lililomsomesha Fundi mpaka akajua kuandika mistari ya kuwaficha watu. Kikohozi cha dada kilikaa kwenye droo ya chini ya meza ya Fundi: viwili vya haraka, kimoja kirefu, kisha kijisauti cha kusafisha koo, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuongea. Fundi alikijua. Angekitambua hata sokoni.

Dada alipozidiwa alikwenda hospitali. Daktari akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akatazama ukurasa.

"Kifua kimya, mama. Na hapa huna kikohozi."

Dada akafungua leso, akamwonyesha damu.

"Damu naiona," alisema daktari. "Ila bila kikohozi siwezi kukulaza. Nitasema imetoka wapi?"

Daktari mzima! Kasoma miaka yote ile, halafu anaiuliza kompyuta kama damu ni damu.

Jioni dada alikaa kitandani, akajikunja, akangoja kifua kitulie.

"Mdogo wangu, kikohozi changu kiko kwako?"

"Kiko, dada. Kwenye droo."

"Basi nirudishie. Nakihitaji nipate kitanda."

Asubuhi Fundi aliuondoa ule mstari. Vikohozi vilitoka ofisini kimoja kimoja, mfagiaji akavishikia mlango. Chumba cha kusagia kikarindima. Dada akavua aproni ili aende hospitali, lakini kabla hajafika getini simu ya Meneja iliita. Alikuwa mkaguzi.

"Ukurasa wenu umeharibika," alisema mkaguzi. "Umejaa vikohozi. Ukibaki hivi itabidi nije huko."

Meneja alimwomba radhi kwa usumbufu. Hakumfokea Fundi. Aliongea naye kwa ule upole wake unaotia kichefuchefu.

"Kumbe tulikosea. Kikohozi kikifichwa peke yake kinarudi. Safari hii afichwe mwenyewe. Mwenye kikohozi asitoke kabisa."

"Siandiki hicho kitu. Dada yangu yumo."

"Najua. Pole sana."

Akamwita mpwa wake kutoka idara ya mauzo. Mpwa alinakili mstari wa Fundi ule ule, akabadilisha neno moja, kazi ikaisha. Nywila ya Fundi nayo ikabadilishwa, asije akachoka bure.

Mlinzi wa geti akamwambia dada hamjui. Hospitali nako wakamwambia hawamjui. Mwenye nyumba alikuwa ameshaweka mpangaji mwingine kwenye kitanda chake. Kwa hiyo dada aliingia ofisini pamoja na wenzake wa chumba cha kusagia, maana visivyotoka vinabaki ndani. Walikaa ukutani, magoti kifuani. Meneja aliomba wasogee kidogo kabati lifunguke, wakasogea.

Dada alichagua kukaa kwenye ile droo ya chini. Fundi alimletea chai na maji, akamfunika kwa koti lake. Humo ndani sauti ilimrudia: viwili vya haraka, kimoja kirefu.

"Angalau nasikika," alisema.

Alifariki mchana, siku ya kazi, humo humo kwenye droo, mgongo ukiwa umeegemea meza ya mdogo wake. Fundi alikwenda kwa Meneja akaomba ruhusa na gari la kumsitiri.

Meneja alifungua ukurasa, akautazama kwa makini. "Hapa hatujafiwa," alisema. "Ningekusaidia, wallahi."

Fundi na wale wa ukutani walimbeba wenyewe, wakamzika, na asubuhi wote wakarudi. Kulikuwa na ujumbe wa mkaguzi: ukurasa sasa unafunguka haraka, hongereni. Meneja aliusoma kwa sauti.

Droo ikakohoa. Viwili vya haraka, kimoja kirefu, kisha ile ruhusa ya kuongea.

"Pole," Mhasibu aliiambia droo.

Fundi akasimama.

"Usiiambie droo. Mimi ndiye niliyefiwa. Niambie mimi!"

Mhasibu alimtazama kwa huruma kabisa, akageukia kompyuta yake, akatafuta, akapandisha ukurasa na kuushusha.

"Umefiwa na nani?" aliuliza. "Mbona huku simwoni?"