Kifungo Kilichohamishwa

"Vua blauzi, mama, ulale chali," daktari alisema.

Fundi cherehani alivua, akamkabidhi wifi yake aliyemsindikiza. Jeli ya baridi ilimwagwa shingoni, kifaa cha altrasaundi kikaanza kutambaa. Uvimbe wa mbele ya koo ulishapimwa: saratani ya tezi ya thairoidi. Leo lilibaki swali moja tu. Je, imetulia palepale, au imeshahamia kwenye tezi ndogo za jirani?

"Uliuona lini?"

"Juzijuzi tu, daktari."

"Juzi gani, wifi?" Wifi alikuwa ameigeuza kola ya blauzi. "Mbona kifungo hiki kimehama? Ona matundu ya sindano, hapa, na hapa, na hapa! Mimi nikidhani umenenepa kwa kula jasho la kaka yangu."

Fundi ndivyo alivyozoea kazini: mteja akilalamika nguo inambana, unasogeza kifungo, humuulizi kanenepea wapi. Kumbe naye alijihudumia kama mteja. Kila kola ilipomkaba alisogeza kifungo, akavaa, akaenda zake kanisani.

"Basi una muda mrefu nao," daktari alisema taratibu.

Kifaa kilipanda upande wa shingo, chini ya sikio la kushoto. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikasimama tena palepale.

Bwana, nishike mkono, aliomba kimoyomoyo. Watoto bado wananihitaji.

Sindano nyembamba ilichota seli kwenye tezi ndogo iliyoonekana hapo. Waliambiwa warudi wiki iliyofuata, na wiki nzima cherehani haikulia nyumbani.

Siku ya majibu daktari hakuzunguka. "Imevuka, mama. Imeingia kwenye tezi za upande wa kushoto. Lakini picha ya kifua inaonyesha mapafu ni safi. Tutaondoa tezi ya thairoidi pamoja na majirani zake walioingiliwa, halafu utaendelea na dawa."

Fundi alitoa mkasi mdogo mkobani, akakikata kifungo shingoni mwake, akakitia kiganjani mwa wifi.

"Nitunzie. Nikitoka chumba cha upasuaji, nitakirudisha pale kilipoanzia."

"Na ukichelewa?"

"Uniombee nisichelewe."

Wifi alikifumbata kifungo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaanza kuomba papo hapo mbele ya daktari.