Siku Saa ya Mezani Iliposimama

Enzi zile mji ulikuwa na viwanda viwili, na kila kiwanda kilikuwa na timu yake ya mpira. Ukizaliwa upande wa juu ulikuwa Sabuni, ukizaliwa upande wa chini ulikuwa Magunia, na habari ikaishia hapo. Sabuni walikuwa na nyimbo chungu nzima za kuwaosha wenzao. Magunia hawakuhangaika kutunga, walisema tu kwamba wao kazi yao ni kufunga.

Fundi Saa alikuwa Sabuni damu. Nyumbani kwake neno "gunia" lilikuwa mwiko. Mkewe akitaka mkaa alisema "ule mfuko mkubwa", na watoto wakakua hivyo hivyo, hadi siku mwalimu wa hesabu alipouliza ni mfuko gani huo unaobeba kilo tisini. Balaa ni kwamba kibanda chake cha kazi kilipakana na cha kinyozi, ukuta wa mbao tu katikati, na kinyozi yule alikuwa Magunia kuanzia utosini hadi unyayoni. Miaka kumi na tisa walitupiana maneno kupitia nyufa za mbao zile, mmoja ameinamia saa na mwingine kichwa cha mtu.

Kuwachukia Magunia, Fundi aliwachukia kwa dhati. Ila alikuwa na jambo moja alilolificha. Akiwa mtoto, alimwona kipa wa Magunia, waliyemwita Komeo, akidaka penalti na kidole kimevunjika, kisha akaupiga mpira mbele kana kwamba hakuna lililotokea. Baba yake, mtu aliyeapa kutoingia peponi kama Magunia wataingia, alipiga makofi mawili, halafu akaitia mikono mfukoni haraka kama mwizi. Karibu na mlango wa nyumbani baba akasema, "Wale ni washenzi, lakini mpira wanaujua. Mama yako usimwambie."

Kisha kiwanda cha magunia kikafungwa. Asubuhi ile kinyozi alikuja kusimama mlangoni kwa Fundi, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Safari hii tumefungwa kweli, jirani," akasema.

Fundi akamkaribisha kiti.

Basi la timu liliondoka na wenye kiwanda, na wachezaji wakatawanyika kutafuta riziki. Magunia walishindwa kufika uwanjani mara moja, wakashindwa mara ya pili. Sheria ya chama cha mpira ilikuwa wazi: ya tatu, timu inafutwa kabisa, isisikike tena. Na mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Sabuni, Jumamosi, saa kumi alasiri, nyumbani kwa Sabuni. Sabuni walihitaji pointi mbili tu, yaani ushindi mmoja kwa hesabu za enzi zile, hata wa mezani, wachukue kombe walilolisubiri miaka minane.

Mtunza muda alikuwa Fundi mwenyewe. Alikalia meza ndogo kando ya mstari, na saa ya mfukoni aliyoachiwa na baba yake. Uwanjani pale hakuna saa nyingine iliyohesabika. Refa mwenyewe aliuliza mezani. Hata Magunia walimwamini, kwa sababu mwaka mmoja aliwapa dakika zao nne za nyongeza, wakasawazisha katika ya nne, na yeye akalala bila kula.

Saa kumi ikafika. Sabuni wamepanga mstari, jezi zimepigwa pasi. Upande wa pili hakuna mtu. Sheria iliwapa robo saa.

Dakika ya tano, mwendesha baiskeli akaleta habari kwamba lori walilopanda Magunia limepasuka tairi kule kwenye mteremko, na sasa wanakuja kwa miguu, Komeo naye yumo, mzee wa miaka hamsini na mitatu, kwa kuwa hawana kipa mwingine. Watu wakacheka. Fundi naye alicheka kidogo. Halafu akatazama mshale wa dakika, na kicheko kikamwishia.

Aliwaza Jumatatu. Aliwaza ukuta wa mbao usio na neno. Atamtambia nani kwa kombe hilo? Akajiona anazeeka akiwaosha watu wasiokuwepo, na roho ikamuuma kuliko alivyowahi kuumia kwa kufungwa.

Dakika ya kumi na tatu, chini ya meza, akaweka ukucha kwenye kifungo cha ubavuni mwa saa, kile cha kurekebishia mishale, akakivuta. Mshale ukasimama.

Refa akaja. "Fundi, muda?"

"Imesimama."

"Imesimama vipi?"

"Nadhani nimesahau kuitia ufunguo."

Refa akamtazama. Mji mzima ulijua kwamba mtu yule angeweza kusahau kuvaa suruali kabla ya kusahau kutia saa ufunguo. Nahodha wa Sabuni akasogea, uso umemwiva, akawageukia mashabiki wake.

"Nani ana saa hapo?"

Walikuwepo kumi na tano, pengine ishirini, wenye saa mkononi, nyingi alizitengeneza Fundi mwenyewe. Kaka yake mkubwa alikuwa mstari wa mbele, na yake ilikuwa ya dhahabu. Kaka mtu akaitazama. Akamtazama mdogo wake, kwa hasira kweli kweli. Kisha akashusha mkono wa shati, akaifunika.

"Yangu mbovu," akasema.

"Hata yangu," akasema wa nyuma yake. Mikono ya mashati ikashuka mstari mzima.

Magunia waliingia uwanjani wakiwa tisa, vumbi hadi kwenye nyusi, kinyozi mbele amebeba mipira. Walitoka sare, bao moja kwa moja. Komeo alidaka mbili ambazo hata kijana asingezidaka, na safari hii makofi kutoka upande wa Sabuni yalizidi mawili. Kombe likaenda mji mwingine, kwa pointi moja.

Sabuni hawakumsamehe Fundi upesi. Kwa miaka mingi, hata mvi zilipomjaa, hakupita mtaa wa juu bila mtu kumpigia kelele, "Fundi, leo umeitia ufunguo?" Naye aliitika, akapita. Lakini mtaa wa chini, kwa Magunia, watu wenye ulimi mkali kuliko wote aliowahi kuwajua, watu waliotania hata msibani, hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo.