Mbwa Wabaki Getini

Njia nzima kutoka Maneromango Mzee Zahoro alikuwa akipanga maneno, na kila bodaboda iliporuka shimo maneno yalimtoka na magoti yakamkumbusha. Alikuwa anakwenda Sofu kumwambia rafiki yake Eliya jambo dogo tu: kwamba mlima hatauweza.

Dogo kwa mtu mwingine. Eliya alikuwa mpimaji ardhi na Zahoro dereva wake, na miaka yote ya kazi walipita chini ya milima ya Udzungwa bila kuingia. "Tukistaafu tutapanda," walikuwa wakiambiana, na mwenye mdomo zaidi alikuwa Zahoro. Sasa Eliya amestaafu, kanunua Kosta, basi dogo kuukuu, kang'oa viti, kaweka vitanda, jiko la gesi na mapazia. Udzungwa kwanza, kisha Kitulo, na kulala humohumo garini. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba siku hizi hata ngazi za msikitini unazipanda kwa kuomba?

Alimkuta ameketi mlangoni mwa Kosta, uso umemsawijika, mbwa wake wawili, Bosi na Tikiti, wamelala miguuni pake.

"Safari imekufa, ndugu yangu," Eliya alisema. "Nimepiga simu hifadhini. Mbwa haingii hata akivaa tai. Nikiwaacha nyumbani hawali, nilipokwenda msibani nusura wafe. Na Eugenia kaniambia wazi, yeye hakuolewa kulinda mbwa getini mwa hifadhi."

Moyo wa Zahoro uliruka kwa furaha. Amepona, na wala hakufungua kinywa! Kisha akaitazama ile Kosta, vitanda vimetandikwa, kimoja kina mkeka wa kuswalia aliowekewa yeye juu ya shuka, akaionea aibu furaha yake.

"Nitabaki nao mimi," alisema. "Nyie pandeni."

"Wewe? Na udhu wako?"

"Kwani shambani kwangu nguruwe wanafukuzwa na paka? Kanzu itakaa kabatini, bakuli lao lisisogelee langu, basi." Akameza mate. "Na ukweli, Eliya, magoti yamegoma. Ule mlima siuwezi. Tangu Ramadhani naogopa kukuambia."

Eliya alimtazama, kisha akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea.

"Mbwa wawili," alisema polepole, "mtu mmoja hawawezi. Itabidi na mimi nibaki."

"Na wewe magoti?"

"Kiuno. Na pumzi. Nilikuwa nasubiri wewe uanze."

Walicheka mpaka Bosi akaamka na kubweka. Zahoro alifuta machozi kwa kofia. Mzigo aliotoka nao Maneromango ulikuwa umeshuka, na hakujua kama acheke tena au ashukuru.

Eugenia, mke wa Eliya, alitoka ndani na chai.

"Shikamoo shemeji. Mnacheka nini?"

"Marahaba. Tunabaki getini, shemeji. Wote wawili, na mbwa."

Eugenia aliwatazama mmoja mmoja. Akaweka sinia chini, akapanda kwenye gari, na kutoka chini ya kitanda akavuta viatu vya mlima, vipya, vya saizi yake. Hata mumewe hakuwahi kuviona.

"Mlikuwa mnanichelewesha tu," alisema. "Nikishuka, nikute mmepika."