Mama wa Bango la Noonkopir

Mulinge alimaliza kuchora bango la Noonkopir mwezi wa pili mwaka 2004, Jumatatu asubuhi. Akashuka ngazi, akaosha brashi zake kwa mafuta ya taa na kuketi juu ya ndoo kunywa chai. Bango lilikuwa la mradi wa afya ya mama na mtoto, na lilitazamana na lango la zahanati. Mwanamke aliyemchora alivaa kitambaa cha kijani kichwani na gauni la samawati, akawa anatabasamu. Juu yake paliandikwa kwa herufi kubwa: MAMA, JIFUNGULIE KITUONI.

Elsie Namalwa, afisa wa mawasiliano wa mradi, alisimama chini akilitazama. Alikuwa mzaliwa wa Bungoma, amepanga chumba hapo hapo Noonkopir. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi watu wafanye jambo lililo jema kwao. Kila mwezi alihariri pia jarida dogo lililotumwa kwa watu wa kazi kama yake kote Kajiado: bango gani limeeleweka, tangazo gani la redio limechekwa, picha gani inaweza kuazimwa.

"Tumbo umelifanya dogo sana," akasema.

"Bosi wako alisema asikuwe na mimba," Mulinge akajibu. "Ati wageni wanapenda mama akikaa smart."

Mwezi wa tano tumbo la mwanamke wa bangoni likaanza kuonekana. Mulinge aliitwa aangalie kama mvua imevimbisha mbao. Akapanda, akagongagonga kwa kidole, akashuka.

"Mbao ziko sawa. Ni mimba tu."

Kabla ya kwenda zake aliupanua mshono wa gauni kwa rangi ile ile ya samawati, kwa sababu lilikuwa limeanza kumbana.

Lazarus Wangila, aliyekuwa mkuu wa mradi, alilitazama bango kutoka dirisha la ofisi yake ghorofani, akasema huo ni ubunifu mzuri. Akaagiza picha ipigwe kila mwezi na kutiwa kwenye jarida. Wanawake wajawazito waliokwenda sokoni walisimama kidogo kulinganisha matumbo yao na lile, kisha wakavuka barabara na kuingia kliniki. Foleni ilifika nje ya lango. Ndani, Kimeu, muuguzi wa pekee, aliwapima mmoja mmoja toka asubuhi hadi jioni. Kila Ijumaa alasiri alifunga kufuli langoni na kwenda kwa familia yake Machakos, akarudi Jumatatu. Alikuwa ameomba muuguzi wa pili. Alijibiwa kwamba pesa za mabango haziwezi kuajiri muuguzi.

Namalwa alijua habari ya kufuli. Alijua kama mtu anavyojua kuna shimo barabarani mahali ambapo yeye hapiti.

Mwezi wa kumi, Jumamosi moja saa tisa mchana, alikuwa ofisini akipanga kurasa za jarida alipoona kupitia dirishani kwamba bango limebaki na maneno tu. Akateremka ngazi. Mwanamke wa bangoni alikuwa anavuka barabara polepole, mkono mmoja kiunoni, na magari yalikuwa yamesimama kumpisha. Nyuma yake lami ililoa, na maji hayo yalinuka rangi mbichi.

Kando ya lango aliketi ng'oto Katoo, yaani mama Katoo, Mmaasai aliyeuza maziwa kwa vibuyu.

"Takwenya," akamsalimu.

"Iko," mwanamke akaitikia. Miezi yote hiyo kando ya barabara, alikuwa amezisikia salamu za kila mtu.

Alilisukuma lango. Akaliangalia kufuli, akageuka, akaketi chini na kuegemeza mgongo kwenye vyuma.

"Mama, hapa hakuna mtu mpaka Jumatatu," Namalwa akamwambia. "Wacha nitafute gari tukupeleke Kajiado, hospitali kubwa."

"Umeandika kituoni," mwanamke akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya chini kidogo. "Kituo ni hiki."

"Ni kweli. Lakini kimefungwa."

"Hiyo hukuandika."

Uchungu ukampata, akashika vyuma kwa mikono miwili. Namalwa akachuchumaa mbele yake. Akampa mkono. Mwanamke akaushika kwa nguvu, na rangi ya hudhurungi ikamganda Namalwa vidoleni.

"Mimi najua hayo maneno tu," mwanamke akasema uchungu ulipopoa. "Hakuna mahali pengine nimeambiwa niende."

Ng'oto Katoo alikuwa ameshainuka. "Nyaguthii yuko nyumbani," akasema. "Nyuma ya posho mill, pale wanasaga unga. Alikuwa nesi miaka mingi kabla astaafu. Nichungie maziwa."

Sista Nyaguthii alikuja na mfuko wa plastiki wenye glavu, wembe mpya na taulo. Hakuuliza mgonjwa ametoka wapi. Alimpapasa tumbo, akakunja uso.

"Mtoto amekaa vibaya. Tumsogeze mahali pazuri?"

"Hatoki hapa," Namalwa akasema.

"Basi leteni leso."

Wanawake waliotoka sokoni wakafungua leso zao, wakasimama duara na kuzishika zikawa ukuta. Madereva wa lori wakazima injini bila kuambiwa. Sista alifanya kazi muda mrefu, akimgeuza mtoto taratibu kwa viganja, akimwambia mama sasa sukuma, sasa pumua. Namalwa alikishikilia kichwa cha mwanamke magotini pake. Akaomba kwa Kibukusu, kimoyomoyo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mama yake augue.

Mtoto alitoka mweupe kama mbao iliyopakwa rangi ya kwanza, na hakulia. Sista akamfuta pua na mdomo, akamsugua mgongo kwa taulo. Akamsugua tena. Nje ya leso hapakusikika hata baiskeli. Kisha rangi ikaanza kumwingia mtoto kutoka miguuni, ikapanda tumboni na kifuani, na ilipofika shingoni akalia.

"Msichana," Sista akasema, akavua glavu.

Mulinge aliitwa kutoa jina, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kuwa babu yake. Alimtazama mtoto, akasema aitwe Mwelu, kwa sababu amekuja duniani akiwa mweupe. Jioni hiyo alishika ngazi wakati mama akipanda kurudi bangoni na mtoto wake. Wengine wakaenda kupika.

Jumatatu Namalwa aliandika habari hiyo kwenye jarida. Mwishoni aliongeza sentensi moja: kabla ya kumwambia mtu aende mahali, nenda kwanza wewe ukaangalie mlango. Wangila alisifu habari, akapenda picha, lakini sentensi ya mwisho akaikata. Namalwa akairudisha, na jarida likaenda hivyo. Wangila hakuzungumza naye hadi wiki iliyofuata. Majibu yakaja. Kutoka Ewuaso Kedong, Mumo, aliyekuwa na mabango ya kifua kikuu, aliandika kwamba mzee wa bango lake anakohoa tangu Pasaka, na kila akienda kupimwa anaambiwa dawa za maabara zimekwisha. Aliomba ushauri. Namalwa alimpigia simu siku hiyo hiyo, wakaongea hadi salio likaisha.

Kisha akamwita Mulinge apande tena. Chini ya maneno makubwa aliandika mengine, madogo lakini ya kusomeka: JUMAMOSI NA JUMAPILI GONGA KWA SISTA NYAGUTHII, NYUMA YA POSHO MILL. Sista mwenyewe alikuwa amekubali. Alisema hata hivyo usingizi wa uzeeni si mwingi.

Wageni wa mradi walifika Jumamosi moja mwaka uliofuata. Wangila akawaonyesha bango. Mama alikuwa juu, Mwelu amefungwa mgongoni, na alionekana mchovu kidogo kwa sababu mtoto alikuwa anaota meno. Mgeni mmoja akayasoma maandishi ya chini.

"Mbona waende nyuma ya posho mill?"

"Kwa sababu zahanati imefungwa," Namalwa akasema.

Mgeni aliligeukia lango, akalitazama kufuli, akaandika kitu, akasema pesa za mabango zipo hata mwaka ujao. Kisha akainua kamera ampige mama picha.

Alipokuwa akilenga, msichana mmoja alitokea upande wa soko, mkono kiunoni, mama mkwe wake akimshika kiwiko. Walisimama chini ya bango. Mama mkwe alisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Wakapita langoni bila kusimama, wakakata kona ya posho mill, na muda si muda wote waliokuwa pale barabarani wakasikia mlango ukigongwa, halafu ukifunguliwa.